Kutamba si kusimulia: Kilichoharibu msimu wa pili

Likizo ya Desemba mpwa wangu, ambaye yuko chuo kikuu, alikuja kunitembelea akiwa na tarakilishi iliyojaa katuni za Kijapani. Jioni moja akaniketisha mbele yake akasema, “Mjomba, si wewe hufundisha fasihi simulizi? Basi tazama hii kwanza, halafu uniambie.” Nilikubali ili nisimvunje moyo. Nilitarajia mapanga, majini na wasichana wenye macho makubwa kama sahani.

Badala yake nilimwona mzee mmoja aliyevaa kimono, amepiga magoti juu ya mto, anatamba hadithi. Alikuwa na kipepeo cha kukunja na kitambaa, basi. Nilisogeza kiti karibu. Tulimaliza vipindi 13 vya msimu wa kwanza kwa siku tatu. Kisha tukaanza msimu wa pili, na kufikia kipindi chake cha mwisho kila mtu alikuwa na simu yake mkononi.

Nimekuwa nikijiuliza tangu hapo ni kipi hasa kilichopotea kati ya misimu hiyo miwili. Waigizaji wa sauti ni wale wale. Mwelekezi ni yule yule. Hadithi inaendelea pale pale ilipoachwa. Jibu nimelipata katika maneno mawili ya Kiswahili ambayo wengi wetu huyatumia kana kwamba ni visawe: kusimulia na kutamba.

Lakini kwanza nimjuze msomaji tamthilia yenyewe. Inaitwa Showa Genroku Rakugo Shinju. Ilitokana na kitabu cha picha cha mwandishi Haruko Kumota, ikatengenezwa na kampuni ya Studio Deen. Msimu wa kwanza ulionyeshwa nchini Japani mwaka 2016, na wa pili, wenye vipindi 12, ukafuata mwaka 2017. Kwa kuwa siwezi kueleza udhaifu wa msimu wa pili bila kufichua yaliyomo, anayepanga kuitazama na aliweke gazeti hili kando kwa sasa.

Rakugo ni sanaa ya Wajapani ya kutamba hadithi ambayo imekuwapo kwa karne kadhaa. Fanani huketi peke yake jukwaani. Hasimami wala hatembei. Akitaka kuigiza watu wawili wanaozungumza, huelekeza uso kulia kidogo kwa huyu, kushoto kidogo kwa yule, na kubadilisha sauti. Kipepeo chake huwa kijiti cha kulia tambi, huwa kalamu, huwa upanga, huwa kiko. Kitambaa huwa pochi au barua. Kabla ya hadithi kuna utangulizi unaoitwa makura, yaani mto wa kulalia, ambapo fanani huzungumza na hadhira kuhusu hali ya hewa au mambo ya mjini huku akiipima. Hadithi nyingi humalizikia kwa neno au tendo moja la kushtukiza ambalo huitwa ochi, yaani anguko. Hata jina rakugo lenyewe huandikwa kwa alama mbili, moja ya kuanguka na nyingine ya usemi.

Msomaji aliyesoma fasihi simulizi shuleni atakuwa ameshaanza kulinganisha. Makura ni ndugu wa mianzo yetu. Sisi husema “Paukwa!” na hadhira isipojibu “Pakawa!” fanani hana ruhusa ya kuendelea. Kazi ni ile ile: kuhakikisha kwamba pana mtu upande wa pili.

Sasa turudi kwa yale maneno mawili. Kusimulia ni kueleza jambo lilivyotokea. Shahidi husimulia mahakamani. Abiria aliyenusurika ajali huwasimulia wanahabari. Anachodaiwa msimulizi ni ukweli na mpangilio mzuri wa matukio. Sura yake haina maana sana. Kutamba ni zaidi ya hapo. Kitenzi hicho hicho hutumika kwa mtu anayetembea kwa maringo ili aonekane, na kwa msanii anayevuma. Ndiyo maana wahenga hawakutosheka na msimulizi, wakawa na mtambaji. Mtambaji hutumia mwili, pumzi, macho na kimya. Hadithi anayoitamba huenda kila mtu aliyeketi pale ameshaisikia mara kumi. Hawajaja kujua kilichotokea. Wamekuja kuona leo atafanyaje.

Ruth Finnegan alilisisitiza jambo hili katika kitabu chake kuhusu fasihi simulizi ya Afrika kilichochapishwa mwaka 1970: kwamba kipande cha fasihi simulizi hakijakamilika kabla hakijatendwa mbele ya watu. Tumelirudia darasani miaka hii yote. Kulielewa ni jambo jingine, na msimu wa kwanza wa tamthilia hii ulinielewesha upya.

Unaanza na kijana mmoja aliyetoka gerezani. Alipokuwa ndani, fanani mashuhuri aitwaye Yakumo wa Nane alikwenda kuwatambia wafungwa hadithi ya mungu wa kifo, na kijana akaapa kwamba akitoka atakuwa mwanagenzi wake. Mzee ambaye hajawahi kuchukua mwanagenzi anamkubali kwa mzaha na kumpa jina la Yotaro, ambalo katika rakugo ni jina la mjinga kama sisi tunavyosema Juha. Muda si muda mkubwa wake wa zamani katika genge la wahalifu anamjia, anataka arudi. Yotaro hajibishani naye. Anamwalika ukumbini, anapanda jukwaani na kutamba kisa cha mwizi asiyejua kuiba. Kamera inatulia hapo kwa dakika nzima nzima. Tunaona jasho. Tunaona watu wasiocheka, kisha mmoja anacheka, kisha ukumbi wote, na hatimaye yule jambazi. Hakuna mhusika anayetuambia kwamba hadithi ina nguvu za kumwokoa mtu. Tumeona.

Sehemu kubwa ya msimu huo inarudi nyuma kwenye ujana wa Yakumo, wakati akiitwa Kikuhiko. Yeye na mvulana mwingine, atakayekuja kujiita Sukeroku, wanapokewa siku moja na mwalimu mmoja. Sukeroku ana kipaji cha kuzaliwa. Akifungua kinywa tu watu wanacheka. Kikuhiko anajua hadithi zote kwa moyo lakini hadhira inapiga miayo. Mimi ni mwalimu, na wanafunzi wa aina hizo mbili nimewafundisha. Kikuhiko anajikomboa siku anapoigiza mwanamke katika mchezo wa kuigiza na kuhisi macho ya watu yakimfuata. Anagundua kwamba alikuwa akisimulia wakati wote, na sasa inambidi atambe.

Halafu kuna ile hadithi ya mungu wa kifo, Shinigami, ambayo hurudi tena na tena. Fukara anafundishwa na mungu wa kifo namna ya kuwa tabibu: ukimwona kifo ameketi miguuni pa mgonjwa, mfukuze kwa maneno fulani naye ataondoka, ukimwona kichwani, mwache mgonjwa afe. Siku moja fukara anaahidiwa pesa nyingi, anakigeuza kitanda ili kichwa kiwe upande wa miguu. Kifo kinampeleka kwenye pango lenye mishumaa ya uhai wa watu wote. Wa kwake umebaki kidogo tu. Anapewa nafasi ya kuuhamisha moto kwenye mshumaa mwingine, mkono unatetemeka, unazimika. Hapo fanani huanguka kifudifudi jukwaani. Hadithi imekwisha.

Hadithi hii tunaihusisha na San'yutei Encho, bingwa wa rakugo wa karne ya 19, ambaye aliichukua kutoka kwenye ngano ya Ulaya inayofanana na ile iliyokusanywa na ndugu Grimm wa Ujerumani. Imevuka bahari, imebadilisha mavazi, na leo hakuna anayeiona kuwa ya kigeni. Angalia pia inavyomalizika: kwa mwili ulioanguka, bila maelezo. Mtambaji akiinuka na kuanza kufafanua maana ya mshumaa, ameiua.

Hivyo ndivyo msimu wa pili ulivyofanya.

Unaanza vizuri. Yotaro amepandishwa hadi shin'uchi, daraja la juu kabisa baada ya zenza na futatsume, na amerithi jina la Sukeroku. Anamwoa Konatsu, binti ya yule Sukeroku wa zamani, ambaye ni mjamzito na hataki kumtaja baba wa mtoto. Sanaa yenyewe inakufa, kumbi zinafungwa, mzee Yakumo anataka kuondoka nayo kaburini. Mpaka hapo mimi na mpwa wangu tulikuwa tumekaza macho.

Kasoro ya kwanza ni kwamba wahusika wanaanza kuzungumza kuhusu rakugo kuliko wanavyoitamba. Wanaketi, wanakunywa chai, wanajadili: ibadilike au isibadilike? Tuandike hadithi mpya au tulinde za kale? Ni maswali mazuri, na tumeyajadili katika makongamano mengi ya Kiswahili. Lakini kongamano si utambaji. Mpwa wangu alisema kwa ufupi wake wa kawaida: “Mjomba, hii sasa imekuwa lecture.” Sikuwa na la kumjibu.

Kasoro ya pili ni kufumbua kila fumbo. Msimu wa kwanza ulituachia kifo cha Sukeroku na mkewe Miyokichi kama Yakumo alivyokisimulia, na tukahisi kwamba kuna kitu amekificha. Shaka hiyo ilikuwa tamu. Msimu wa pili unamleta mtumishi mzee anayefunua yote: kwamba Konatsu mwenyewe, akiwa mtoto, alihusika katika mkasa ule, na kwamba Yakumo alibeba lawama ya uongo miaka yote ili kumlinda. Kwa haki nitakiri kwamba ufunuo huo unauma na una uzito wake. Lakini waandishi hawakutosheka. Katika kipindi cha mwisho mtu mmoja anakuja na dhana yake kuhusu baba halisi wa mtoto wa Konatsu, akiashiria kwamba ni Yakumo, mzee aliyemlea mama huyo tangu utotoni. Konatsu hamjibu wazi. Kwangu mimi swali hilo halikufungua kitu. Lilitia doa uhusiano ambao vipindi zaidi ya ishirini vilikuwa vimeujenga kwa uangalifu.

Kasoro ya tatu ndiyo iliyoniuma zaidi. Tangu kipindi cha kwanza Konatsu anataka kutamba. Anazijua hadithi zote za baba yake. Anaambiwa kwamba rakugo si ya wanawake. Kuna tukio zuri mno ambapo anawatambia watoto wa chekechea kisa cha Jugemu, yule mtoto mwenye jina refu kiasi kwamba ukimaliza kulitaja nundu aliyoipata kichwani imeshanywea. Watoto wale wanapiga kelele za furaha, na uso wa Konatsu unafunguka kama mlango. Nikasema, sasa tumefika. Sasa tutaona namna atakavyouvunja ukuta huu.

Hatukuona. Mzee Yakumo anafariki, hadithi inaruka miaka kumi na saba, na tunakutana na Konatsu akiwa tayari ni fanani wa kike anayetambuliwa. Vita vyote vimepiganwa nyuma ya pazia wakati sisi tumefumba macho. Katika Tokyo ya kweli ilichukua hadi mwaka 1993 kwa wanawake wa kwanza, Kokontei Kikuchiyo na San'yutei Karuta, kupandishwa daraja la shin'uchi. Safari kama hiyo ndiyo hadithi. Tamthilia hii ilitupa taarifa yake tu. Ilisimulia pale ilipopaswa kutamba.

Najua wapo wanaoupenda msimu wa pili zaidi, na wana hoja. Tukio la mzee Yakumo akitamba Shinigami peke yake usiku katika ukumbi mtupu, mpaka mshumaa unapoziunguza mbao, ni la kutisha na la kupendeza. Kuvuka kwake kwenda ahera hakutanitoka akilini. Ila tazama jambo moja: matukio hayo bora ni yale ambayo fanani anatamba au ananyamaza. Pale ambapo hakuna anayetufafanulia.

Nimebakiza mhusika mmoja ambaye nimemkwepa kwa makusudi. Anaitwa Higuchi. Ni msomi na mwandishi, mpole, ana daftari. Anahoji, anakusanya, anatafuta filamu za zamani, anataka kuyajua yote kabla wazee hawajaondoka. Ndiye pia anayeibua ile dhana ya mwisho kuhusu baba wa mtoto. Mpwa wangu alimchukia. Kila akitokea alikuwa akisema, “Huyu naye!” Mimi nilikuwa nikinyamaza, kwa sababu Higuchi ni mimi.

Nikiwa mwanafunzi wa shahada ya pili nilikwenda kijijini kwa nyanya yangu nikiwa na kinasasauti cha kanda. Nilimrekodi akitamba ngano kumi na moja. Nilizinakili, nikazitafsiri, nikazichanganua kwa nadharia, nikapewa shahada. Nilimuuliza maana ya kila kitu. Kwa nini fisi huyu hana jina? Huu wimbo una maana gani? Alinijibu kwa subira, lakini siku ya mwisho aliniuliza swali moja: “Sasa wewe, mjukuu wangu, utamtambia nani?” Nilicheka. Amefariki, Mungu amrehemu. Kanda ipo. Tasnifu ipo maktabani. Sijawahi kumtambia mtu hata moja.

Sisemi kwamba uandishi ni adui. Historia ya rakugo yenyewe inakataa. Mwaka 1884 hadithi ya Encho iitwayo Botan Doro ilichapishwa baada ya wanahati mkato kuinakili neno kwa neno alipokuwa akiitamba. Kitabu hicho kilisomwa sana, na mwandishi Futabatei Shimei, alipokuwa akitafuta namna ya kuandika riwaya kwa Kijapani kinachosemwa na watu, alishauriwa ajifunze kutoka kwa Encho. Riwaya ya kisasa ya Japani inadaiwa na mtambaji, na deni hilo lilipitia kwenye karatasi.

Wala kuzinyamazia hadithi hakuziui papo hapo. Mwaka 1941, wakati wa vita, watambaji wenyewe waliziorodhesha hadithi 53 zilizoonekana hazifai kwa nyakati hizo, nyingi zikiwa za mapenzi na madanguro, wakazizika kwa ishara katika hekalu la Honpoji mtaani Asakusa. Vita vilipokwisha, mwaka 1946, zikarudishwa. Ziliweza kurudi kwa kuwa watu waliojua kuzitamba walikuwapo, na waliojua kuzisikiliza pia.

Basi hatari iko wapi? Iko pale tunapodhani kwamba tukishajua kila kitu kuhusu hadithi, tumeirithi. Hayo ndiyo makosa ya msimu wa pili, na ndiyo makosa ya madarasa yetu. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kukutajia sifa kumi za mtambaji bora bila kusita, maana huenda zikatahiniwa katika karatasi ya tatu ya Kiswahili. Mwombe atambe ngano moja, atakuangalia kama umemtukana. Tumempa maelezo ya mshumaa, moto hatukumpa. Isipokuwa wachache wanaopanda jukwaani katika tamasha za drama za shule, wengine wanamaliza masomo bila kuisema “Paukwa” hata mara moja wakiwa na hadithi nyuma yake.

Ushauri wangu kwa walimu wenzangu ni mdogo. Kabla ya kufundisha sifa za ngano, mwombe mwanafunzi mmoja atambe. Mwache akosee. Wenzake wamcheke, kisha wacheke pamoja naye. Halafu ndipo mwulize darasa: alifanya nini mlipotulia? Sifa zitajitaja zenyewe.

Usiku ule tulipozima tarakilishi mpwa wangu aliniuliza kama nyanya, ambaye kwake ni nyanya mkuu, alikuwa akitamba kama yule mzee Yakumo. Nikaanza kumweleza: mtindo wake, fomula zake, matumizi yake ya nyimbo. Akanikatiza. “Mjomba, usinieleze. Tamba.”

Nilikohoa. Nilisema “Paukwa,” sauti ikakwama. Akajibu. Niliichagua ngano ya fisi asiye na jina, nikasahau wimbo wa katikati, nikarudi nyuma, nikaruka sehemu muhimu nikairekebisha baadaye. Ilikuwa mbaya. Yotaro angefukuzwa kwa makosa machache kuliko yale. Lakini nilipofika mwisho niliona simu yake iko mezani, imelazwa kifudifudi, na sikumbuki aliiweka pale saa ngapi.